Chupa Iliyonuka

Ndulu alikuwa mtu wa kuosha. Sukuma wiki aliiosha mara tatu, na mgeni akijisahau kidogo angekuta viatu vyake vinakauka ukutani. Kwa hivyo daktari wa Kajiado alipomkabidhi ile chupa, mambo yaliharibika kabla hajatoka getini.

Ijumaa hiyo bintiye Muthoki alikuwa amepasuliwa taya, ukatolewa uvimbe uliokua kimyakimya miaka miwili. Ulikuwa kifuko cha maji tu. Lakini daktari hakujali maji, alijali ngozi ya ndani ya kifuko.

"Seli za hii ngozi saa ingine hubadilika, mama," alisema. "Zikibadilika, itabidi tukate mfupa. Nimetoa yote. Peleka lab Kitengela wapime."

Ndulu alifungua chupa, kifuko kikielea ndani ya dawa, harufu ikamtoa machozi. Kitu cha mwili wa mtoto wake hakingeenda mbele ya watu kikinuka hivyo! Akaenda bombani, akamwaga ile dawa, akakisuuza taratibu kama alivyomwogesha Muthoki akiwa mchanga, akajaza maji safi. Wikendi nzima chupa ilikaa dirishani kwao Kisaju, juani. Jumatatu akaipeleka.

Alhamisi Beverlyne wa maabara alimwita pembeni.

"Mama, humu mna maji tu. Ile dawa ilikuwa ya kuzuia ngozi isioze. Sasa seli zimeharibika. Hatuwezi jua kama zilikuwa zimebadilika ama hapana."

Maji yakimwagika hayazoleki, na yale hata hayakuwa maji. Ndulu alimpigia daktari. Hakuna kipande kingine, daktari akasema. Wangoje tu, picha ya taya kila miezi sita, miaka mitano. Ndulu alikaa kwenye benchi la maabara mpaka mfagiaji akamwomba ainue miguu.

Nyumbani Muthoki alikuwa akinywa uji kwa kijiko, shavu limefura.

"Wamesemaje?"

Ndulu alikuwa amepanga kusema maabara wamepoteza chupa. Mdomo ukakataa.

"Ni mimi. Nilimwaga dawa ya chupa, nikakiosha kile kifuko. Hawawezi kujua. Tutangoja miaka mitano."

Muthoki aliweka kijiko chini. Alilia kidogo, akijifuta kwa uangalifu upande unaouma.

"Nitakusindikiza kila safari," mamake akasema.

"Kuja, mwaitu, mama yangu," Muthoki akajibu, meno yamebanana. "Lakini kukiwa na chupa tena, nitabeba mwenyewe."