Ukaguzi Nyumbani kwa Ozella

Ozella Tarver, mama mweusi, hakuwa mtu wa mikutano. Miaka sita ya kupokea msaada wa chakula ilikuwa imemfunza jambo moja: ofisi ikikuita, itika, ikikuuliza, jibu kwa ufupi. Lakini kaunti ilipotaka kuifunga ofisi ya ustawi mjini kwao, watu wawe wanakwenda maili arobaini kufuata huduma, jirani yake Rhonda, mama wa kizungu aliyepokea msaada uleule, alimshika mkono.

"Twende tukaseme, shoga. Watatufanya nini?"

Wakaenda kwenye mkutano wa kaunti. Walisema wote wawili, ila Ozella ndiye aliyepigiwa makofi na ukumbi mzima.

Siku ya nne baada ya mkutano, asubuhi, afisa wa ustawi akagonga mlango. Afisa huyo, Bi Strickland, hakuwa amewahi kufika pale. Alifungua friji, akafungua kabati la chumbani, akainua buti za kiume kwa vidole viwili.

"Za nani hizi?"

"Za marehemu kaka yangu."

"Mh! Fomu yako inasema mnaishi wawili tu, wewe na binti."

"Ndivyo tulivyo."

Afisa akaandika, akaandika, kana kwamba ameambiwa mengi. Mlangoni akageuka na tabasamu. "Nilikusikia mkutanoni, Ozella. Una ulimi mwepesi wewe." Ozella, hivihivi, bila Bi, na umri wa Ozella ulitosha kumzaa afisa huyo.

Jioni akamuuliza Rhonda kama naye amekaguliwa.

"Mimi? Mbona wamenipigia simu kunishukuru kwa maoni!" Rhonda akacheka. Kisha akauona uso wa mwenzake, kicheko kikamfia mdomoni.

Wiki tatu zikapita bila barua wala simu, na ukimya huo ndio uliomla Ozella. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilimtoa jasho. Zile buti akazitia kwenye mfuko wa taka, asije akadhaniwa anaficha mwanamume akakatiwa msaada, kisha akajichukia.

Siku ya uchaguzi, Rhonda akapiga honi nje.

"Ozella! Toka, mama, foleni itatuzidi!"

Ozella alisimama nyuma ya pazia. Gari likangoja, likangoja, likaondoka.

Keyana, binti yake wa miaka kumi na minane, alikuwa ameshavaa koti. Ilikuwa iwe kura yake ya kwanza.

"Mama, si uliniahidi tutaenda pamoja?"

"Vua koti," Ozella akamwambia, bila kumtazama. "Na toka hapo dirishani, wasikuone."