Jiwe Lililomzunguka Mnajimu

Hakina miguu, hakina mbawa, kinazunguka kutwa na hakifiki popote. Kitu gani hicho? Fikirini. Mkishindwa msinipe mji, mji sina pa kuuweka. Mkisema saa ya ukutani, mmekosa. Mkisema mkurugenzi, mmekaribia.

Wafanyakazi wa kituo cha kutazamia nyota walikuwa wanakunywa chai ya asubuhi jiwe lilipoingia kwa dirisha la jikoni. Lilikuwa jeusi, kubwa kama kiazi, limebonyea upande mmoja. Lilimpita mpishi, likapita juu ya sinia la vikombe, likaanza kumzunguka mnajimu usawa wa masikio, umbali wa mkono. Mpishi alifunga dirisha kwa sababu ya nzi.

Mnajimu alilitambua, maana ndiye aliyeligundua. Alikuwa amepiga picha za kipande kilekile cha mbingu kwa nyakati tofauti, akazilinganisha. Vidoa vyote vilikuwa vimetulia mahali pake, kimoja kimesogea. Alifuta lenzi, bado kimesogea. Akaikokotoa njia yake na kukuta ni kijisayari, mojawapo ya mawe chungu nzima yanayolizunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Si kikubwa, si kizuri, hakimdhuru mtu.

Katika kazi ile, aliyegundua ndiye anayechagua jina. Mnajimu alichagua la dada yake mkubwa, aliyemlea na kumsomesha, akafa bila kuwekewa hata kibao kaburini. Maombi yaliingia mezani kwa mkurugenzi, yakatokea upande wa pili na jina la mkurugenzi mara mbili: kwenye jiwe, na kwenye nafasi ya aliyeligundua.

"Darubini ni ya kituo, na kituo ni mimi," alimweleza mnajimu kwa ule upole anaowawekea walio chini yake. "Ungeliona kwa macho matupu, dada, ningekuachia."

Ndipo jiwe likaja. Huko juu nako bado lilikuwapo; darubini ilithibitisha. Hakuna aliyeona kwamba mambo hayo mawili yanagombana. Lilikwenda taratibu, mzunguko mmoja kwa kikombe kimoja cha chai.

Mkurugenzi alinuna. Jiwe lenye jina lake linamzunguka mtu mwingine, na kibao cha kumtangaza mgunduzi kinazinduliwa Jumamosi! Alijaribu kulivuta kwa sumaku, kisha kwa kuliamuru. Mwishowe akaagiza pazia lenye mpasuko kila upande litundikwe nyuma ya kiti chake, na nyuma ya pazia kiwekwe kigoda cha jikoni.

"Utakaa hapo," alimwambia mnajimu. "Na usikohoe."

"Nikikataa?"

"Basi darubini utaisikia kwa watu."

Mnajimu alikaa. Mahali pengine popote pasingempa darubini ya kumtazama dada yake.

Jumamosi jiwe lilitokea mpasuko huu, likapita mbele ya pua ya mkurugenzi, likaingia mpasuko ule. Kila lilipopita, wageni walipiga makofi, naye akainama kushukuru. Mgeni rasmi alisema huo ndio uongozi.

Mama mzazi wa mkurugenzi alikuwa kiti cha mbele na fimbo yake.

"Baba, hivi ulipoliona hili jiwe ulikuwa wapi?"

"Keki inakuja, mama."

"Nauliza tu. Maana wewe tangu mdogo, kuku wakiingia bandani, na wewe huyo, unakoroma."

Wageni walicheka kwa adabu. Upepo ukaingia, pazia likaanguka, na wote wakamwona mnajimu kwenye kigoda, jiwe likimzunguka. Mgeni rasmi aliuliza kama yule ndiye mshika pazia. Akaambiwa ndiye. Kibao kikafunuliwa, makofi yakapigwa.

Jua lilipoanza kushuka, viti vilikunjwa. Mnajimu alipita kwenda kuiandaa darubini, jiwe lake likimfuata kwa kumzunguka. Yule mama alilisindikiza kwa macho mpaka mlangoni.

"Hujanijibu, baba."

Mkurugenzi aliangaza huku na huku. Wageni wameondoka. Akakitikisa kibao, skrubu zilikuwa zimekaza vizuri. Akachukua kipande cha mwisho cha keki, akakaa karibu na mama yake.

"Nilikuwa nimelala, mama."