Kibati Msumarini

Binti yangu alipotoa mkono dirishani kutupungia, ufunguo wa nyumba yetu ulikuwa unaning'inia kidoleni mwake. Basi lilikuwa limeshawashwa. Mama yake akanifinya kiwiko.

"Mwambie arudishe. Anaondoka na ufunguo."

Sikumwambia, na hilo lilimshangaza mke wangu kuliko safari yenyewe, maana alinijua.

Nilikuwa mtunza funguo wa hospitali kubwa. Wodi, maabara, stoo ya dawa, chumba cha maiti, hapakuwa na mlango uliofunguliwa kabla ufunguo wake haujapita mkononi mwangu. Funguo zilikaa ndani ya kabati la chuma, kila mmoja kwenye ndoano yake. Mfanyakazi alikuwa na kibati cha shaba chenye namba yake. Akichukua ufunguo, anakitundika kibati mahali pa ufunguo, na akirudi anabadilisha. Kanuni niliziandika mimi, kwa mwandiko nilioupata shule ya jioni nikiwa mtu mzima mwenye ndevu. Ufunguo hautoki getini. Ufunguo usiporudi, kitasa kinabadilishwa. Sikumwonea mtu haya. Mganga mkuu aliwahi kusafiri na ufunguo wa stoo mfukoni, na aliporudi akakuta mlango haumtambui. Alininunia, lakini tangu siku hiyo kibati chake hakikusahau ndoano.

Nyumbani nako nilipigilia ubao wa misumari nyuma ya mlango, nikakata kibati cha kila mmoja wetu. Mke wangu alikuwa akisema kwamba siku ya kufa nitamdai malaika kibati kwanza ndipo nimwachie roho. Kijana wetu alikuwa akikitumia chake kufungulia chupa za soda. Ni huyu binti tu ambaye hakukosea hata mara moja. Nikitoka kazini, kabla ya kuvua viatu, nilitupia jicho msumari wake. Nikiona ufunguo, najua yumo ndani, na uchovu wote unaniishia pale pale mlangoni.

Sasa alikuwa anakwenda nchi ya mbali kuuguza wazee wa watu wengine. Aliona nilikotazama, akashtuka.

"Jamani, Baba, nimesahau. Shika."

Akaunyoosha. Nikapeleka mikono nyuma.

"Kaa nao," nikasema. "Kibati chako kipo msumarini."

Alinitazama kidogo, kisha akafumba kiganja. Basi likaondoka. Njia nzima ya kurudi nyumbani mke wangu hakunitania, na hapo ndipo nilipojua kuwa amenielewa.

Mwanzoni simu zilikuja kwa wingi, halafu kwa sikukuu. Karatasi zake za ukaazi hazikuwa zimekamilika; akitoka kule, hataruhusiwa kuingia tena. Mama yake alimngoja mpaka akatangulia mbele ya haki. Binti alimlilia kwenye simu, nami nikaishikilia sikioni hata baada ya kukatika.

Mwaka huu wezi walivunja nyumba ya jirani. Kijana wetu, ambaye siku hizi ana mvi kunishinda, akaja na fundi, mlango wa chuma na kitasa kipya ndani ya boksi.

"Hiki cha zamani kimechoka, Baba," akasema. Akageuza macho kwenye ubao, akashusha sauti. "Na wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha. Ufunguo usiporudi."

Hakumalizia. Alikuwa na haki, tena kwa maneno yangu mwenyewe. Nikakaa kwenye kiti, nikapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. Kisha nikamwambia fundi aweke mlango mpya, ila kitasa kiwe kile kile.

Fundi akalalamika kuwa nafasi hazilingani, itabidi akate chuma upya. Nikamwambia akate. Kijana wangu akarudisha boksi kwenye gari.

Kazi ilipokwisha, fundi aliomba funguo zote azijaribu. Nikampa wangu, wa marehemu na wa kijana. Zote zikazunguka.

"Zimeisha, Mzee?"

"Umebaki mmoja. Umetoka."

Akauliza utarudi lini, ili apite aujaribu na huo. Nikamwomba auchukue wangu, aujaribu tena, ila safari hii polepole, kama mtu aliyekaa mbali na mlango huu siku nyingi na mkono wake umeusahau.

Akafanya hivyo. Kitasa kikasita kidogo, kisha kikakubali.