Kipande Changu cha Barabara

Watu wa Kwemkole watakwambia barabara yao ilijengwa kwa umoja. Waulize wakuonyeshe huo umoja ulikaa wapi siku nilipokuwa peke yangu na mtaimbo, nagonga jiwe lenye ukubwa wa ng'ombe aliyelala, nao wanapita na majembe yao begani wakitazama milima ya Shume kana kwamba ndiyo kwanza wanaiona.

Ilikuwa miaka ile ya baada ya Azimio la Arusha. Kila mkutano ulikuwa wa kujitegemea, na sisi tulikubali kujitegemea kwa kuchimba barabara kutoka kijijini hadi njia kuu, ili lori lije lichukue kabichi na viazi badala ya wanawake kuvishusha kichwani. Jambo jema. Sikuwahi kulipinga, ingawa baadaye walinisingizia hivyo. Mwenyekiti wa chama pale kwetu alikuwa Kristofa, mtu wa maneno mengi na jembe jipya daima, kwa sababu halikuwa likitumika. Alikata mwanzi mrefu, akawa anapima njia kwa mwanzi ule, kila nyumba kipande chake, na sisi tukimfuata nyuma kama kondoo.

Tulipofika kwenye kona ya jiwe, zamu ilikuwa ya Severin, kaka wa mke wake. Kristofa akasimama. Akalitazama jiwe, akamtazama shemeji yake, akasema, "Severin atachimba kule juu, karibu na shule. Hapa aandikiwe Dorkasi."

Dorkasi ni mimi. Mume wangu Tobia alikuwa ameangukiwa na mti kwenye kazi ya mbao mwaka mmoja kabla ya hapo, akaniachia mabinti wawili na shamba la bondeni. Kijiji kizima kilikuwa pale, na kila mtu aliona zamu ikirukwa. Niliwasikia wakishusha pumzi, kila mmoja anamshukuru Mungu kwamba jiwe si lake.

Nikasema, "Ndugu mwenyekiti, zamu hii si yangu."

"Kujitolea hakuna zamu, mama," akajibu, na watu wakacheka.

Nami ningecheka, kama si ile sheria waliyokuwa wameipitisha mkutanoni wiki iliyotangulia: nyumba ambayo haitamaliza kipande chake kabla ya siku ya mgeni, itanyang'anywa shamba la bondeni na apewe mtu mwenye nguvu za kulitumia. Mgeni alikuwa mkubwa wa chama kutoka Tanga, anakuja kuifungua barabara. Na mwenye nguvu aliyekuwa akilimezea mate bonde langu tangu matanga ya Tobia alikuwa Severin. Mara mbili alikuja kuniuliza kama halinichoshi.

Kwetu milimani, mtu anaweza kuwa na shamba kubwa juu ya mteremko na bado akalala njaa. Bondeni ndiko kwenye maji na udongo mweusi, huko kabichi inakubali hata kiangazi. Bila lile bonde ningekuwa kibarua wa watu, au ningefunga virago niende kuchuma chai kule Amani pamoja na mabinti zangu, tukalale kwenye kambi na watu tusiowajua. Hicho ndicho Kristofa alichonipimia kwa mwanzi wake.

Nilifanya lililopaswa kufanywa. Desturi yetu ni kwamba mtu akishindwa na kipande, anapika pombe ya miwa, ile tunayoiita boha, anawaita majirani, wanakuja kummalizia kazi huku wakiimba. Hakuna aibu ndani yake. Nikakata miwa yangu yote, nikapika, mwinjilisti akipita mbele ya nyumba yangu amegeuza uso. Siku ikafika. Nikaweka mtungi pale kwenye kona, na vibuyu, nikangoja.

Hakuja mtu.

Jua lilipanda, likashuka. Walikuwepo, nawasikia juu na chini ya njia wakipiga majembe. Mchana akapita Abrahamu, mzee niliyemwamkia kila asubuhi ya maisha yangu. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akasimama, akaunusa mtungi. "Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "mwenyekiti amesema atakayekusaidia ataandikwa pamoja na wewe. Mimi nina bonde langu pia." Akaenda zake. Angalau alisema.

Jioni nilimwaga boha yote juu ya jiwe. Wakati namwaga, alitokea Jenoveva na mzigo wake wa majani. Huyu Jenoveva ni jirani yangu wa bondeni, shamba lake limegusana na langu, na tulikuwa hatusemezani tangu tulipogombania maji ya mfereji hadi tukatupiana matope mbele ya watoto. Alisimama akatazama pombe inavyochuruzika.

"Ungewapa nguruwe," akasema, akapita.

Basi nikajua sina mtu. Nikaanza kazi ya moto. Hilo kila mtu kwetu analijua: jiwe lipashe moto mpaka liive, kisha limwagie maji ya baridi, litapasuka. Nilichoma kuni zangu zote za akiba. Jiwe likatoa magamba kama muhogo unaomenywa, basi. Fedha za kununulia kuni sina. Kuni za msituni, bwana miti anakukamata. Nikaenda kuomba kwa nyumba tatu, na hiyo ilinigharimu kuliko kazi yenyewe. Nyumba tatu zikaniambia kuni zimekwisha, na moshi unafuka juu ya paa zao.

Wakati huo wote, Kristofa alikuwa akijenga jukwaa. Ndiyo, jukwaa. Mbao nene za msindano, zimepasuliwa na vijana kwa kujitolea, zimepangwa uwanjani hatua chache tu kutoka kwenye kona yangu, ili mgeni asimame juu awaone wananchi vizuri. Lilikuwa na ngazi na kizuizi cha kushikia. Mimi nilikuwa nakosa kuni ya kuchemshia maji, na hapo juu kuna mbao kavu za kutosha kuoka mkate wa wilaya nzima.

Mgeni alikuwa aje Jumatatu. Jumapili asubuhi ukungu ulishuka mzito, ule wa kwetu ambao mtu anampoteza mbuzi aliyemshika kamba. Kengele ikagonga. Walutheri wakaenda kwao na Wakatoliki kwao. Niliwaambia mabinti zangu waende, wakae mbele, waimbe kwa sauti. Mimi nikachukua shoka.

Sitaki mtu anihurumie wala anisamehe kwa hilo. Nilianza na ngazi. Nilibomoa nikiburuta, nikirundika mbao juu ya jiwe na pande zake, mpaka jukwaa lote likawa kwenye kona yangu, kisha nikatia moto. Msindano mkavu hauhitaji kubembelezwa. Kanisani walikuwa wakiimba pambio, na ukungu ukaumeza moshi wangu wote. Nilikuwa nimejaza maji kwenye madebe tangu Jumamosi. Walipofika kwenye mahubiri, ambayo kwetu huwa hayana haraka, jiwe lilikuwa limebadilika rangi. Nikamwagia debe la kwanza, la pili, la tatu.

Mlio wake niliusikia kifuani. Lilipasuka katikati, na lile pande kubwa likapasuka tena. Nilipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu. Kisha nikashika mtaimbo, nikaanza kuvingirisha vipande kuelekea korongoni, kimoja baada ya kingine, nimeungua mikono na nywele, na nilipowasikia wakitoka kanisani nilikuwa nasawazisha udongo.

Kristofa alikuwa wa kwanza kufika. Alitazama uwanja mtupu, akatazama majivu.

"Mbao za chama!" akasema. "Dorkasi, umechoma mbao za chama!"

"Nimezitumia kwa kazi ya chama. Kipande changu kimekwisha. Pima."

"Utafungwa wewe mwanamke. Naita polisi leo hii."

"Ita. Wakija nitawaeleza jiwe lilikuwa zamu ya nani. Severin yupo, watamuuliza mwenyewe."

Severin akawa anatazama viatu vyake vya kanisani. Watu walikuwa wamejaa, na nyuso zao zilinichukia waziwazi. Mbao zile walizipasua wao, kwa migongo yao, hilo nalijua. Mwanamke mmoja alitema mate. Kisha uso wa Kristofa ukatulia ghafla, akasema kwa upole, "Haya. Kesho tutaonana mbele ya mgeni." Upole ule ulinitisha kuliko polisi.

Jumatatu Landrova ilipanda mpaka kijijini bila kukwama. Ilipita kwenye kona yangu, na nilisimama pale pale niione ikipita. Mgeni alikuwa mtu mnene, mpole, amevaa suti ya Kichina, akisalimia wazee kwanza kama inavyopasa. Alisimama chini kama sisi sote, kwa kuwa hapakuwa na pa kupanda. Tukaimba. Kisha Kristofa akasimama.

Mtu yule angeweza kuuza maji mtoni. Alisema wananchi wa Kwemkole walikuwa wamejenga jukwaa zuri, lakini jiwe lilipowazuia, walikaa kikao, wakaamua kwa kauli moja kulichoma jukwaa ili barabara ipite. "Tumesema, ndugu mgeni, kiongozi wa wakulima hahitaji kusimama juu yetu!" Mgeni akapiga makofi mpaka jasho likamtoka. Nilidhani imeisha. Nilianza kufikiri labda nimeshinda, na yeye abaki na uongo wake.

"Na si hilo tu," akaendelea Kristofa. "Yupo mama hapa, mjane, Dorkasi. Kipande kile kilikuwa chake. Mama huyu ameguswa sana na moyo wa ujamaa, hata amejitolea shamba lake la bondeni, alitoe kwa kijiji, liwe la wote. Na ndugu Severin amekubali, kwa kujitolea, kulisimamia."

Makofi. Watu walipiga makofi! Wale wale walioona zamu ikirukwa. Vigelegele vikapigwa nyuma. Mgeni akaja kwangu mkono ameunyoosha, macho yamemlowa kabisa, akaushika wangu uliofungwa vitambaa. "Mama," akasema, "taifa linakushukuru."

Niliona kila kitu. Nikikataa, nimekuwa mnyonyaji mbele ya mkubwa wa chama. Nikinyamaza, nimekwenda kuchuma chai.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Sijatoa."

Makofi yakapungua, yakafa. Yeye alikuwa bado ameushika mkono wangu.

"Unasemaje, mama?"

"Shamba langu sijalitoa. Sikuulizwa. Nalisikia hapa kama unavyolisikia wewe."

Kristofa akacheka kidogo. "Amechoka, ndugu mgeni. Kazi ya jiwe imemchosha. Alilitoa mbele ya kikao. Wananchi, si alitoa?"

Nikawageukia. Nyuso zote nilizozijua tangu utotoni, na zote zimefungwa. Mwinjilisti akakohoa. Mzee Abrahamu akatazama fimbo yake. Mmoja akaanza kusema "Ndi—" akiwa upande wa akina Severin, na hapo ndipo sauti ikatoka kwa wanawake.

"Hajatoa."

Alikuwa Jenoveva. Alisukuma watu akaja mbele, hakunitazama hata kidogo.

"Mzee, simpendi mwanamke huyu," akamwambia mgeni. "Ana kiburi, ana mdomo, na mbao alizochoma mwanangu alizipasua mpaka akaugua mgongo. Lakini hajatoa. Hakuna kikao kilichokaa, wala cha shamba wala cha jukwaa. Jiwe lile lilikuwa la Severin. Tuliona sote."

"Jenoveva!" Kristofa akafoka.

"Shamba langu limepakana na lake. Leo unamtolea la kwake, kesho mgeni mwingine akija utanitolea langu. Fokea wengine."

Hakuna aliyemuunga mkono. Lakini hakuna aliyempinga pia, na mgeni alisikia huo ukimya vizuri. Aliuachia mkono wangu taratibu. Akasema kujitolea ni mtu kutoa chake mwenyewe, na kama hajatoa, basi hajatoa, na mwenyekiti aandike hivyo, na yeye atasoma walichoandika. Alisema bila kupaza sauti. Hakukaa kula. Mbuzi alikuwa tayari sufuriani, na Landrova ikashuka ile barabara yetu mpya, ikapita kwenye kona yangu ikiwa imewasha taa kwa sababu ya ukungu.

Watu walitawanyika wakinilaani mimi na Jenoveva pamoja. Nilimfuata njiani. Nilitaka kumwambia neno, sijui neno gani.

"Jenoveva, nimeshu—"

"Usinishukuru," akasema bila kugeuka. "Sikukusemea wewe. Na ukirudia kunisemesha njiani nitakurushia matope kama mwanzo."

Aliendelea kushuka, nami nikashuka nyuma yake, kwa kuwa njia ya bondeni ni moja. Tulifika. Akaingia kwake, nikaingia kwangu, akapalilia akinipa mgongo, na mimi nikapalilia kwa mikono yenye vitambaa mpaka giza lilipoingia.