Fomu ya Kuwajulisha Ndugu

Mguu wa kushoto ulianza kuvimba Jumatatu, na mpima damu akajidanganya kwamba ni viatu. Mganga hajigangi. Miaka kumi na minne amewachoma watu sindano pale maabara na kuwagombeza wanaopuuza dalili, lakini mguu wake aliupuuza hadi Alhamisi, ulipokuwa umejaa mpaka juu ya goti na kuwaka moto. Daktari alimpiga picha, akaona damu imeganda kwenye mshipa mkubwa wa paja.

"Kwenu yupo aliyewahi kupata hivi?" daktari akauliza.

"Kwetu? Hakuna, daktari. Sisi tunaugua mdomo tu."

Damu yake ilipopimwa, protini fulani inayobeba mafuta ilikuwa juu mara tatu ya kawaida. Daktari hakumficha. Protini hiyo mtu huirithi, akasema, na wataalamu bado wanabishana kama peke yake inaweza kugandisha damu miguuni. "Lakini akiwepo ndugu aliyewahi kuganda damu, hapo hatubahatishi."

Akaandikiwa dawa. Ikabaki fomu.

Maabara ile haimpigii mtu simu kuhusu damu ya mwingine. Anayekutwa na protini hiyo juu husaini mwenyewe kwamba atawajulisha ndugu zake wa damu, kisha fomu hukunjwa jina likiwa ndani na namba nje, ikawekwa kabatini. Ni mpima damu huyu huyu aliyezipanga miaka yote bila kufungua hata moja, na alijisifu kwamba macho yake hayana umbea.

Sasa kabla ya kuiweka yake, ilibidi atazame kwenye daftari kuu, lenye majina na namba, kama yupo mwingine wa ukoo wake. Alikuwepo. Kaka yake mkubwa, dereva wa malori, alipimwa miaka miwili nyuma, juma ambalo yeye alikuwa likizo. Akaitafuta namba, akaifungua fomu, akasoma. Damu iliganda mguuni baada ya safari ndefu. Protini iko juu. Ndugu zangu wote nimewajulisha. Chini, sahihi ya kaka.

Akatazama tarehe, akahesabu miezi kwa vidole. Miezi minne baada ya siku ile, mdogo wao, kitinda mimba, alijifungua mtoto wa kike. Siku ya kumi na moja alishika kifua, akasema pumzi haitoshi, akafa kabla gari halijafika. Wakasema ni kazi ya Mungu. Na kliniki walikuwa wamemuuliza swali lile lile, kama kwao yupo aliyewahi kuganda damu. Mpima damu alikuwa amemsindikiza, akamjibia kwa kinywa chake mwenyewe: kwetu hakuna. Sindano za kuzuia damu isigande zilikuwepo hospitali ile ile.

Jioni alichechemea hadi nyumbani kwa mama yao. Kaka alikuwa sebuleni, miguu juu ya stuli. Akamwekea fomu mapajani.

"Kaka, ulimjulisha nani?"

Kaka hakujifanya haielewi. "Ningesema, wangeninyang'anya usukani. Huko kwenu maabara hakuna siri."

"Hakuna siri! Hii imefungiwa kwenye kabati langu miaka miwili, hata mimi sikuijua. Na mdogo wetu je?"

"Alikuwa mjamzito. Nikasema nisimtie hofu, ajifungue kwanza."

"Alijifungua. Siku kumi na moja, kaka."

Kaka akashusha miguu kutoka kwenye stuli.

"Na wanao?"

Kaka akainamisha kichwa. "Niliwapeleka kupimwa, hospitali nyingine. Wote watatu."

Hapo ndipo moyo ulipomvunjika. Kaka angekuwa mjinga, mpima damu angemsamehe, maana ujinga hauna dawa lakini hauna ubaya. Kumbe alijua vizuri kabisa, akachagua wa kuwaokoa. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo hiyo alikuwa ameivaa akijidai kwamba kwao hakuna. Alimchukia kaka yake, akajichukia na yeye kwa jibu lile la kliniki.

"Usimwambie mama," kaka akanong'ona. "Utamuua."

"Simwambii. Utamwambia wewe." Akageukia mlango wa jikoni, akapaza sauti. "Mama! Njoo ukae kidogo, kaka ana neno."

Mama akaja akijifuta mikono, akawatazama wote wawili. Akaketi karibu na mwanawe mkubwa, akamshika mkono, akamwuliza taratibu, "Unaumwa, baba?"