Mkono Ulio Ndani ya Miwani

Mwanga wa asubuhi unaingia chumba cha mazoezi, unatua juu ya mkono wako wa kushoto, mama, na mkono hauna habari. Umelala mapajani mwako tangu kiharusi kikupige. Wewe uliyesuka vichwa vya mtaa mzima, sasa hata kifungo cha gauni nakufungia mimi.

Mtaalamu wa mazoezi anakuvisha miwani mikubwa ya kompyuta, yenye picha ndani, unakuwa kama fundi wa kuchomelea. "Humo ndani utachuma machungwa, mama," anasema.

"Mwanangu, mimi msusi. Machungwa nayanunua sokoni."

Tunacheka. Naketi sakafuni, kati ya magoti yako, nakukabidhi kichwa changu. Suka, mama.

Mtaalamu anaondoa machungwa; sasa miwani inakuonyesha chumba hiki hiki na nywele hizi hizi, ila mkono wa kushoto imeuchora yenyewe, mzima, kwa kuiga ule wa kulia, ili mwili udanganyike ukumbuke. Suka, mama. Nasikia vidole vya kulia vikigawa, vikivuta. Upande wa pili nasikia pumzi yako tu. Unaimba chini chini, sauti ya mtu aliye kazini, na machozi yananilenga, maana sijakusikia ukiimba tangu uugue.

"Tayari. Nenda kwenye kioo. Zimekaa?"

Nywele timtimu, hakuna hata mstari mmoja. Naogopa, mama. Nikisema zimekaa, utafurahi leo, na kesho utauachia mkono wa kuchorwa kazi yote. Nikisema kweli, huenda usirudi hapa tena. Lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba njia ya mwongo ni fupi.

"Hazikukaa, mama. Mkono wa kushoto haukufika."

Unavua miwani. Unautazama mkono wa nyama, kwa muda mrefu, kama unavyomtazama mwanafunzi mzembe wa ususi. Nangoja uniambie twende nyumbani.

"Rudi ukae," unasema.

Narudi sakafuni. Unaubeba wa kushoto kwa wa kulia, unautua juu ya kichwa changu, mzito, wa baridi. Suka, mama. Suka. Muda unapita. Kisha, nyuma ya sikio langu, nywele kidogo zinavutwa, vibaya, bila ufundi wowote, na mkono wako wa kulia uko begani mwangu.

Naumia, mama. Vuta tena.