Uzi wa Kijani Ufizini

Nilipouvuta mdomo wa chini wa mama kwa kidole, kijiti cha leza kikiwa mkono wa pili, niliona uzi wa kijani.

Sisi hatuna uzi wa kijani. Daktari wetu wa meno hushonea uzi mweusi, na ndio alioutumia juzi, alipochukua nyama kidogo kwenye kaakaa la mama akaifanya kiraka cha kufunika mzizi wa jino la mbele uliokuwa umebaki wazi. Kiraka kikishika, jino linabaki. Kikifa, linang'olewa. Mimi kazi yangu ni kukimulika kidonda kwa leza, ule mwanga mpole usiochoma, ili kifunge upesi.

Nikadhani ni miwani ya kinga inanidanganya. Nikaivua. Uzi ulikuwa wa kijani kabisa.

"Mama, nini hiki?"

Nikauachia mdomo ili aweze kusema.

"Ah, hicho. Nilirekebisha kidogo."

"Ulirekebisha nini?"

"Mshono. Nilipofika tu nyumbani nilijitazama kwenye kioo, jamani, kazi imelegea vile! Nikimpa mteja nguo ya namna ile, hafiki mlangoni haijafumuka. Nikaukata, nikashona upya. Mdomo ulikuwa bado umekufa ganzi, wala sikusikia kitu."

Mama ni fundi cherehani. Siku hizi anashona sare za shule, za kijani. Nikajikuta nimekaa kwenye kiti cha daktari, kiti ambacho sijawahi kuthubutu hata kukiegemea.

"Kwa sindano ipi?"

"Ya mkono. Niliichemsha, mwanangu, usinione mshamba."

"Mama!"

Hapa kazini wananiita Bubu, kwa kuwa sipazi sauti kamwe. Daktari alikuja mbio kutoka chumba cha pili, akidhani mgonjwa amezimia.

Akatazama. Akasogeza taa, akatazama tena. Akashusha barakoa yake mpaka kidevuni.

"Fundi," akasema taratibu, "nguo haivimbi. Ufizi unavimba. Nililegeza makusudi ili damu ipite. Wewe umekinyonga kiraka."

"Nimefanyaje?"

"Umekinyonga. Na kaakaa je? Uliligusa?"

"Kule sikufika. Mkono haukupinda."

Daktari akafumba macho kidogo. Mama akautafuta mkono wangu bila kugeuza kichwa.

Daktari alikata fundo. Lilikuwa fundo zuri, siwezi kusema uongo, dogo na bapa. Chini yake kiraka kilikuwa cheupe kama karatasi. Nikainyanyua leza, daktari akanizuia.

"Ngoja. Mwanga haufufui maiti. Kwanza tuone kama kuna damu."

Akakidonoa kwa ncha ya kifaa chake, pembeni. Hakikutoka kitu. Akadonoa karibu na jino. Hakuna. Mama alinibana vidole mpaka vikafa ganzi vyangu. Akadonoa upande wa pili, na pale, polepole sana, kikachomoza kitone chekundu, kama kichwa cha pini.

Nilisikia mtu akipumua kwa nguvu. Ni mimi.

"Nusu hii iko hai," daktari akasema. "Ile nyingine sijui. Jino pia sijui, Fundi, sitakudanganya. Nitakishikiza kiraka upya, na safari hii usijitazame kwenye kioo."

Alipomaliza akanigeukia. "Bubu, mmulike. Hiyo nusu hai tusiiache peke yake."

Nikamvalisha mama miwani yake. Kabla sijaushika mdomo, alipapasa kifuani pa gauni, akachomoa sindano iliyokuwa imechomekwa hapo, na kipande cha uzi wa kijani kikining'inia, akaniwekea kiganjani.

"Kaa nayo wewe," akasema. "Mimi sijiamini."

Nikaiweka kwenye sinia la vyuma, mbali na mkono wake, nikawasha leza.